Sauti na Nyumba Yake

Mwezi wa Januari 2010 Unguja ilikuwa kizani. Umeme unaotujia kutoka bara kwa waya wa chini ya bahari ulikatika Disemba 2009, na haukurudi ila mwezi wa Machi. Msomaji aliyekuwapo hahitaji kukumbushwa zile ndoo za maji vichwani, mishumaa, samaki wanaouzwa kwa bei ya kutupa kabla hawajaharibika, na juu ya yote mvumo wa majenereta. Kila duka lililojiweza liliweka lake mlangoni, kila hoteli ikaweka lake uani, na mji uliojulikana kwa ukimya wa usiku wake ukawa kama merikebu isiyozima mashine. Tuliuzoea mvumo ule hata tukaacha kuusikia.

Usiku mmoja wa miezi hiyo rafiki yangu, mwalimu wa sanaa, aliniletea kompyuta iliyotiwa chaji kwa mwenye jenereta, na ndani yake sinema ya Kimarekani. Alitaka nimfasirie maneno yake kwa Kiswahili apate kuwaonyesha vijana wake. Nikakaa kitandani, nikavaa hedifoni, nikaweka daftari mapajani. Sinema ikaanza kwa mvumo. Nikadhani ni jenereta la jirani. Nikavua hedifoni: mvumo upo. Nikavaa: mvumo upo. Nilirudia kuvua na kuvaa mara tatu au nne, mwisho nikaacha. Kwa saa moja na nusu sikujua mpaka uko wapi baina ya mji wa yule mtu wa kwenye sinema na mji wangu.

Sinema yenyewe ni *Eraserhead* ya David Lynch, iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza Los Angeles mwezi wa Machi 1977. Haina rangi ila nyeupe na nyeusi. Kisa chake, ukikisimulia, ni kifupi: mtu mmoja aitwaye Henry anaishi katika mji wa viwanda, anapata mtoto asiye na umbo la mwanadamu, mama wa mtoto anachoka na kuondoka, baba anabaki chumbani na kilio. Lakini kisa hicho hakisimuliki, kwani kinakwenda kama ndoto inavyokwenda, mambo yakifuatana bila ya kuelezana. Kwa takriban dakika 10 za mwanzo hapana mtu anayetamka neno. Ilipokwisha, daftari langu lilikuwa na kurasa chache tu za maneno, tena maneno ya kawaida kabisa, ya kukaribishana chakula na kuulizana hali. Niliyatia yote katika Kiswahili kwa asubuhi moja. Nilipoyasoma nikaona kuwa sikufasiri kitu. Kilichosema katika sinema ile si watu, bali ni mvumo uliokuwa nyuma yao. Na mvumo nani ataufasiri?

Chumbani mwa Henry mna chombo cha mabomba ya chuma kilichosimama ukutani, kinachofoka pole pole kama kitu chenye pumzi. Sisi watu wa joto hatukijui. Nilipomuuliza rafiki yangu alicheka, akanambia kuwa ni chombo cha kupashia chumba moto wakati wa baridi. Kumbe usiku kucha nilikidhania mnyama aliyefungwa. Hata hivyo sikukosea sana, kwani ndani ya chombo kile, katika sinema, mna jukwaa, na jukwaani mna mwanamke anayeimba. Sikio langu lisilojua kitu lilifika kabla ya akili.

Lakini mvumo ule uliniuma kwa sababu nyingine, na ili niieleze sina budi kurudi nyuma.

Mjomba wangu, kaka yake mama, alikuwa mshairi wa Wete, Pemba. Alijua kuandika kwa herufi za Kiarabu, lakini hata siku moja hakuzitumia kwa mashairi yake. Aliyatunga kichwani, akayaghani barazani, nayo yakaishia hapo au yakachukuliwa na wenye kumbukumbu. Mimi sikusoma chuo chochote cha fasihi. Vina nilifunzwa barazani pale, na mizani nilihesabiwa kwa vidole vyake juu ya goti langu. Mwaka 1996, katika msimu wa karafuu, mimi na mama tulivuka kwenda kuwasaidia jamaa, nami nikachukua redio kaseti ya betri. Alasiri moja ya mvua nilimrikodi mjomba kwa muda wa saa nzima.

Kaseti ile ilikuwa imejaa kila kitu. Mvua inapiga juu ya makuti, mara inazidi, mara inapungua. Watu wa nyumbani wanachambua karafuu kwenye makonyo, na mchambuo ule una mlio wake, mkavu, mfupi, usiokatika. Nyuma ya jiko wanawake wanatwanga. Mbuzi analia kwa kutaka kuingia ndani. Mtoto anaitwa, haitiki, anaitwa tena. Na katikati ya yote hayo mjomba anaghani, anakohoa, anasema “subiri,” anaanza upya. Mwaka uliofuata akafariki dunia, Mwenyezi Mungu amrehemu.

Mwaka 2004 nikapata fikra ya kuitia kaseti katika sidii ili kila ndugu apate nakala yake. Niliipeleka studio moja ya hapa mjini. Kijana aliyekuwapo akaniuliza: “Kaka, unataka iweje?” Nikamjibu neno moja: “Isafishe.” Kisha nikaenda zangu. Siku ya tatu nikakabidhiwa sidii, na kweli ilikuwa safi. Mvua imeondolewa, mbuzi ameondolewa, karafuu na kinu vimeondolewa. Kikohozi kimekatwa. Hata pumzi aliyokuwa mjomba akiivuta baina ya ukwapi na utao imekatwa, mistari ikaunganishwa kama matofali. Nilifurahi kwa kuwa sasa kila neno lilisikika. Nikamchukulia mama. Alisikiliza beti tatu, akainua kichwa, akasema: “Sauti ni yake. Lakini yu wapi?”

Nilirudi studio mbio kuitaka kaseti. Nikaambiwa imekwisha kutumika. Juu yake imerikodiwa harusi.

Kwa miaka sita nilimlaumu kijana yule. Niliacha kumlaumu katika kile kiza cha 2010, na aliyenifunza kuacha ni Lynch na mwenziwe mmoja ambaye jina lake halijulikani na wengi: Alan Splet.

David Lynch alizaliwa mwaka 1946, na kabla ya sinema alikuwa mchoraji. Mara nyingi alisimulia kuwa, alipokuwa mwanafunzi wa uchoraji Philadelphia, alikaa mbele ya picha yake ya bustani ya usiku, akaona kana kwamba majani yanatikisika, akausikia upepo ukitoka ndani ya picha. Jambo hilo ndilo lililompeleka kwenye picha zinazokwenda. Kazi yake ya kwanza ya namna hiyo, mwaka 1967, ilikuwa picha ya vichwa sita vya wanaume wanaotapika, na sauti yake ilikuwa king'ora kinachojirudia bila ya kukoma. Tangu mwanzo, basi, mtu huyu hakuitia sauti katika picha kama anayetia chumvi katika mchuzi uliokwisha kuiva. Kwake sauti ndiyo iliyoleta picha.

Mwaka 1970 alitengeneza sinema fupi iitwayo *The Grandmother*, ya mtoto anayeonewa na wazazi wake, akapanda mbegu juu ya kitanda, ikaota bibi wa kumpenda. Hapo ndipo alipokutana na Splet. Huyu alizaliwa 1939, aliwahi kufanya kazi ya uhasibu, na macho yake yalikuwa dhaifu mno. Walianza kwa kusikiliza santuri za sauti zilizokwisha kurikodiwa, zile ambazo watengenezaji sinema huchotea mlango, farasi na ngurumo kwa kadiri ya haja. Hawakuona humo chochote cha kuwafaa. Wakaamua kuzitengeneza zote kwa mikono yao. Hawakuwa na mashine ya kutia mwangwi, wakatafuta bomba refu la bati la kupitishia hewa, wakaweka spika upande mmoja na kinasa sauti upande wa pili, ili mlio uingie mkavu na utoke umebeba umbali.

Walipofika kwenye *Eraserhead* walikuwa wamehamia Los Angeles. Upigaji picha ulianza mwaka 1972, ukakatika na kuendelea kwa kadiri fedha zilivyopatikana. Kwa kazi ya sauti peke yake, watu hawa wawili walijifungia takriban mwaka mzima katika chumba walichokizibia kuta kwa mablanketi waliyoyatengeneza wenyewe, ili dunia ya nje isiingie. Katika baadhi ya mahali sinema ile ina sauti hadi 15 zinazokwenda kwa pamoja, moja juu ya nyingine, na mtazamaji hudhani anasikia moja.

Nitataja mfano mmoja tu. Pana mahali katika sinema ambapo kitanda kinageuka bwawa la maji na waliokilalia wanazama. Je, kitanda kinachoyeyuka kina mlio gani? Lynch na Splet walichukua chupa ya plastiki, wakatia maikrofoni ndani yake, wakaielea kwenye beseni la kuogea lililojaa maji, kisha wakapuliza hewa ndani ya chupa na kurikodi. Baada ya hapo wakauteremsha mlio, wakauvuta, wakaubadilisha mpaka ukawa wa kitanda kile na si wa chupa tena.

Nilipolisoma jambo hilo nilikaa kimya kwa muda. Katika sinema ya kawaida mwongozaji anaweza kuandika orodha: mlango, hatua za miguu, gari linapita, akampa fundi wa sauti, naye fundi akaijaza orodha ile, hata kama wako miji miwili tofauti. Mlango unajulikana mlio wake, na pande zote mbili zinakubaliana juu yake kabla ya kuanza. Lakini katika sinema ya ndoto orodha haifai. Ukiandika “sauti ya kitanda kinachoyeyuka,” mwenzio ataitafuta wapi? Haijawahi kuwapo duniani. Haina budi kutafutwa na masikio mawili kwa wakati mmoja, mmoja akijaribu na mwengine akitikisa kichwa, mpaka waufikie mlio ambao wote wawili wataujua kuwa ndio, ingawa hapana hata mmoja wao aliyepata kuusikia kabla. Sauti ya namna hiyo haiagizwi. Watu huikalia, kama kuku anavyokalia mayai.

Si wao tu walioligundua hilo. Wafaransa na Wahispania wa miaka ya 1920, walioleta sanaa ya ndoto na kuiita usurealisti, walianza na sinema bubu. Luis Buñuel, alipoonyesha *Un Chien andalou* Paris mwaka 1929, alisimama mwenyewe nyuma ya pazia na gramafoni, akipokezanisha santuri za tango za Argentina na muziki mzito wa Wagner, na mifukoni mwake, kama alivyosimulia, alikuwa na mawe, endapo watazamaji wangemvamia. Mwongozaji na mtu wa sauti hapo ni mtu mmoja, na amekaa mahali penye hatari. Miaka 50 baadaye, katika *Stalker* ya mwaka 1979, Andrei Tarkovsky na mtunzi wake Eduard Artemyev waliwapandisha watu watatu katika kigari cha reli kuelekea eneo lililokatazwa. Magurudumu yanagonga reli kama yanavyogonga reli zote. Kisha, kidogo kidogo, mgongo ule unakuwa kitu kingine kisichotoka katika chuma. Ulibadilika lini? Hapana ajuaye. Mtazamaji anajiona tu kuwa amekwisha kuvuka mpaka, na aliyemvusha ni sikio.

Wapenzi wa ushairi wa pwani hawatalishangaa jambo hili. Ubeti unasimama juu ya kitu kisichoandikwa. Baina ya ukwapi na utao pana pumzi. Kalamu huitia mkato tu, lakini mghani huikaa, na aliyezoea kusikiliza hujua kwa pumzi ile kama kinachokuja ni hasira au ni huruma. Tena, mara nyingi kwetu mtunzi si mghani. Mtunzi hupeleka shairi kwa mwenye sauti, na akiwa mtunzi mwema hukaa naye: “Hapa usikaze, hapa mpe msikilizaji nafasi.” Watunzi wa taarabu wanajua ni usiku mingapi hupita baina ya maneno kuandikwa na maneno kuimbika, na ni mara ngapi mpiga udi ndiye anayemfahamisha mtunzi alichokusudia.

Mimi nilifanya nini? Nilimpa mtu nisiyemjua sauti ya mjomba wangu, nikamwambia neno moja, nikaondoka. Kijana yule alitenda nilichomwagiza. Hakuwahi kukaa barazani kwetu. Atajuaje kuwa mvua ile si taka? Katika masikio yake palikuwa na mzee anayeghani na mambo mengine yanayomwingilia. Aliyekuwa akijua kuwa mambo mengine yale ndiyo nyumba ya mzee ni mimi, nami sikuwapo. Kama ningekaa naye alasiri moja, angenyoosha mkono kuiondoa mvua, nami ningeushika mkono wake.

Kazi yangu ya kufasiri nayo nikaiona upya. Miaka mingi nilikuwa nikifasiri kama nilivyosafisha kaseti: natoa maana, naiosha, naikausha, naiweka mbele ya msomaji. Kila neno linasikika, na aliyelisema hayupo. Tangu siku hizo, nikipewa shairi la kigeni, kwanza huuliza nyuma yake panavuma nini: mji, bahari, au chumba chenye mgonjwa? Nisipopata jibu silifasiri, hata kama maneno yake yote nayajua.

Lynch na Splet waliendelea pamoja katika *The Elephant Man* ya 1980, *Dune* ya 1984, na *Blue Velvet* ya 1986. Katika hii ya mwisho kijana mmoja anaokota sikio la mtu lililokatwa, limetupwa majanini, na wadudu wanalitambaa. Baadaye kamera inaingia ndani ya sikio lile kama mtu anayeingia pangoni. Sijui ishara iliyo wazi zaidi ya namna watu wawili wale walivyofanya kazi. Splet alifariki mwaka 1994. Katika sinema za baadaye jina linaloandikwa kwa usanifu wa sauti mara nyingi ni la Lynch mwenyewe. Wasikilizaji wengine husema kuwa alikwisha kujua kazi. Mimi husema kuwa alikuwa amebaki na sikio la mwenziwe ndani ya lake.

Katika *Mulholland Drive* ya mwaka 2001 pana ukumbi wa usiku ambamo mshereheshaji anawatangazia watu kuwa hapana bendi, kila wanachokisikia kimerikodiwa. Kisha anatoka Rebekah Del Rio, anaimba kwa Kispania wimbo wa mapenzi yaliyopotea, na waliokaa wanalia. Katikati ya wimbo anaanguka chini kama aliyekufa, naye anachukuliwa na kuondolewa jukwaani, ilhali sauti inaendelea kuimba. Waliolia wamekwisha kuambiwa kuwa ni kanda, na bado wanalia. Mara ya kwanza nilipoiona sehemu hiyo nilitoka nje nikasimama uani.

Lynch alifariki Januari 2025, na Del Rio akamfuata mwaka huo huo. Habari ya kifo cha Lynch ilinifikia kwa mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, kijana wa miaka 22 anayejua mambo ya kurikodi kwa simu na kompyuta kuliko niliyoyajua maisha yangu yote. Nilimsimulia habari za kaseti. Akaniuliza: “Mjomba, sidii unayo?” Ninayo. “Basi tumrejeshe nyumbani.”

Nilisita, na sababu zangu sikuziona ndogo. Baraza la Wete limeezekwa bati sasa, na mvua ya bati siyo mvua ya makuti. Mbele yake zinapita bodaboda. Na hata tungeupata mlio kama ule, je, si uongo? Tutamzungushia marehemu mvua isiyomnyeshea. Mpwa wangu alisikiliza yote, kisha akasema kuwa tujaribu kwanza, tubishane baadaye.

Alikwenda shamba kwenye banda la makuti, akangoja mvua siku mbili, akairikodi. Tulipoisikiliza ilikuwa kama samaki wanaokaangwa. Mvua ya kweli ilitukataa. Nikakumbuka chupa na beseni. Tukachukua ungo, tukauinamisha juu ya kuti kavu, tukamimina choroko kidogo kidogo, mara nyingi, mara chache, simu ikiwa chini ya kuti. Mpwa wangu aliupunguza mwendo mlio ule na kuuteremsha. Tukatazamana. Ilikuwa mvua, tena ya Wete. Hapo ndipo nilipoliona jibu la swali langu la uongo, nikaona kuwa nimekuwa nikilijibu kwa miaka 30 kwa kalamu: mfasiri naye hana mvua ya mwenyewe, ana choroko tu. Anachodaiwa ni kukaa mpaka inyeshe, na kumwambia msomaji wazi kuwa ni choroko. Kwa hiyo tumeandika juu ya jalada: sauti ni ya mwaka 1996, mvua, karafuu na kinu ni vya mwaka 2025.

Tulipoona imekaribia, tulimpelekea mama. Umri wake sasa umepita miaka 80, na kwa kuwa haoni vizuri husikia kila kitu. Tulimwekea. Alisikiliza beti moja, la pili, la tatu. Pale palipomtoa mwaka 2004 hapakumtoa. Kisha akanyanyua mkono.

“Kinu hicho sicho,” akasema.

Nikamwambia ni kinu cha jirani, tumekirikodi juzi.

“Kiko mbele mno. Chetu kilikuwa nyuma ya jiko, mkono wa kushoto ukitokea barazani. Na michi ilikuwa miwili. Mmoja wa wifi yangu, mmoja wangu.”

Nilinyamaza. Miaka yote ile nilikuwa nikimlilia mjomba katika kaseti iliyofutwa, na hata siku moja haikunipitia akilini kuwa mama naye alikuwamo. Alasiri ile alikuwa nyuma ya jiko, akitwanga, akimsikiliza kaka yake. Neno langu moja lilimfuta na yeye, kisha nikamletea sidii nikimtaka afurahi. Naye hakulisema. Aliuliza tu kaka yake yu wapi.

Mpwa wangu alikuwa na akili kuliko mimi. Hakusema pole. Alisogeza simu karibu na mkeka akamuuliza: “Bibi, ilikuwa ikienda vipi?”

“Hebu nipishe, mume wangu,” akasema mama. Mchi hawezi kuunyanyua tena. Akapiga ngumi yake pole pole juu ya sanduku la nguo, pigo moja zito na moja jepesi, akasimama pale ambapo wifi yake angepokea, akapiga tena. Aliendelea hivyo kwa muda mrefu, kichwa kimeinama, mpaka nikaanza kuusikia na ule mchi wa pili ambao haukuwapo.

Kazi haijakwisha. Kila Ijumaa baada ya sala ya alasiri tunakaa watatu chumbani mwake, mlango tumeuzibia blanketi kwa ajili ya bodaboda. Mpwa wangu hujaribu, mama hutikisa kichwa au huitikia, na mimi huandika alichosema ili tusisahau. Mtoto asiyeitika bado hatujampata. Mbuzi tumempata. Ijumaa iliyopita mama alisema kinu sasa kiko mahali pake, lakini mvua bado ni ndogo. Mpwa wangu amekwenda kununua choroko.